Sholay: mimi nimeona Gabbar anauawa, mama anasema alikamatwa na polisi. Mwisho wenyewe ni upi?

BintiKihesa (Iringa)

Wadau kamwene, na ndugu zangu wa Mbeya ugonile.

Naomba msaada wa mtu anayeijua vizuri Sholay, ile picha ya Kihindi ya mwaka 1975. Juzi ndiyo nimeiangalia kwa mara ya kwanza, na tangu hapo nyumbani hapakaliki.

Mimi si mtu wa picha za Kihindi, ila Sholay nimelelewa nayo bila kuiona. Mama na mama mdogo wakikaa kumenya viazi, lazima mmoja aanzishe ule wimbo wa marafiki wawili kwenye pikipiki yenye kiti cha ubavuni, na mwenzake aitikie. Kihindi chenyewe hawakijui hata cha kuombea maji. Sisi watoto tukikataa kulala tulitishiwa Gabbar Singh, jambazi wa picha hiyo. Sasa juzi nasikia Gabbar mwenyewe anajisifu kwamba katika vijiji vya mbali, mtoto akilia usiku, mama yake humwambia alale, la sivyo Gabbar atakuja. Yaani mama alikitoa kitisho kwenye sinema kizima kizima akaja nacho Kihesa.

Mpwa wangu akaipakua, tukaiweka kwenye flashi, tukachomeka kwenye runinga. Mama akakaa karibu, kitenge mabegani, na hakuinuka mpaka mwisho. Ni picha ndefu, inapita saa tatu.

Nilijiandaa kwa farasi, vumbi na bunduki, na vyote vipo. Ila Gabbar alinipata vibaya. Nilidhani nitamwona jambazi wa kupiga kelele tu. Anaingia akitembea juu ya mwamba, mkanda wake anauburuza, kwanza tunaona viatu. Mbele yake wamesimama watu wake watatu waliorudi mikono mitupu kutoka kijiji cha Ramgarh. Anabakiza risasi tatu kwenye bastola, anazungusha kile kigurudumu, anawaelekezea mmoja mmoja kichwani. Hakuna risasi inayotoka. Anacheka. Wale watatu nao wanacheka kwa kuona wamepona, genge zima linacheka milimani, mimi na mpwa wangu tukajikuta tunacheka. Hapohapo anawapiga wote watatu. Mama alikuwa anatutazama sisi badala ya runinga, alijua kitakachotupata.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Katika nakala yangu, mwishoni Thakur, yule bwana aliyekatwa mikono, anampiga Gabbar kwa miguu. Viatu vyake vina misumari. Anamkanyaga mikono, anampiga mpaka anamsukumia kwenye nguzo yenye chuma kilichochomoza, Gabbar anafia pale. Thakur anabaki analia. Mama akaruka kwenye kiti: "Hapana! Polisi wanakuja!" Anaapa kwamba alipoiona zamani hapa Iringa, Thakur alikuwa karibu kummaliza, polisi wakatokea, ofisa akamwambia adhabu ni kazi ya sheria, na Gabbar akachukuliwa akiwa hai. Tukampigia mama mdogo Makambako, bila kumdokeza chochote. Akasema hivyohivyo, polisi. Na hao wawili kukubaliana ni nadra.

Naomba kujua ipi ni halali. Jumamosi mjomba anapanda kutoka Tukuyu, ukoo wote utakaa sebuleni kuiangalia, na sitaki ugomvi mbele ya mjomba.

La pili. Mbona katika masimulizi yote niliyopewa tangu utoto hakuna aliyewahi kunitajia Radha? Nilisimuliwa Gabbar, Basanti na gari lake la farasi, na wale marafiki wawili: Jai na sarafu yake, Veeru juu ya tanki la maji. Kumbe mle ndani kuna mjane kijana, mkwe wa Thakur, amevaa nyeupe, karibu hasemi neno. Kila jioni anatoka barazani anapunguza taa za mafuta, moja baada ya nyingine, na ng'ambo ya ua Jai amekaa anapuliza kinanda cha mdomo. Hawasalimiani hata. Baadaye mtumishi Ramlal anamsimulia Jai jinsi yule binti alivyokuwa kabla ya kuolewa: mcheshi, mwingi wa maneno, anakimbizana na watu kwenye sherehe ya rangi. Kwangu mimi hiyo ndiyo picha yenyewe. Bunduki nimeanza kuzisahau, zile taa bado ninazo.

Mkwawa_wa_Mafinga

Dada, mpe mama heshima yake, aliyoiona ndiyo iliyooneshwa kwenye majumba ya sinema dunia nzima. Na wewe uliyoiona ndiyo aliyoipiga mwongozaji, Ramesh Sippy, kabla hajalazimishwa kubadilisha. Zote mbili ni halali, ila zina historia.

Tarehe 25 Juni 1975 Indira Gandhi alitangaza hali ya hatari India. Magazeti yakabanwa, wapinzani wakawekwa ndani. Sholay ilikuwa ipo mbioni kutoka. Bodi ya ukaguzi ikaiangalia ikasema hapana: Thakur ni ofisa wa polisi mstaafu, hawezi kuonekana akiua mtu kwa miguu yake badala ya kumpeleka mahakamani. Wakati ule hapakuwa na mtu wa kubishana na serikali. Ikabidi wapige mwisho mpya wenye polisi, na picha ikatoka tarehe 15 Agosti 1975, siku ya uhuru wa India. Ndiyo aliyokutana nayo mama yako.

Walikata na mengine. Kuna pale Ramlal anapigilia misumari kwenye soli za viatu vya bwana wake. Ukiona nakala yenye pale, jua unaelekea kwenye mwisho wa damu. Na kuna kifo cha Ahmed, mtoto wa yule imamu kipofu. Kwenye nakala ya sinema Gabbar anamponda mdudu anayetambaa mkononi mwake, basi, na baadaye farasi anarudi kijijini na maiti. Mimi hapo naona wakaguzi waliisaidia picha bila kukusudia. Yule mdudu anatisha kuliko kisu.

Mwisho wa Sippy ulikuja kutoka baadaye kwenye kanda na diski, ndiyo maana unazagaa mtandaoni. Mwaka 2025, picha ilipotimiza miaka 50, nakala iliyosafishwa upya yenye mwisho huo ilioneshwa Bologna, Italia.

Kama unataka maoni yangu, wa Sippy ndio unaoingia kwenye hadithi. Fikiria: Thakur anawaajiri Jai na Veeru kwa sharti moja, Gabbar aletwe akiwa hai. Kwa nini hai? Angetaka sheria angeandika barua kituoni. Veeru mwenyewe, rafiki yake ametoka kufa mikononi mwake, anakaribia kumuua Gabbar, anazuiwa kwa sababu ya ahadi ile. Halafu umtoe kwa polisi? Gereza lenyewe Gabbar alishalivunja.

Mzee_wa_Isanga (Mbeya)

Binti, marahaba hata kabla hujaniamkia.

Mimi nilikuwa mwendesha mitambo wa sinema hapa Mbeya. Jumba lenyewe silitaji, lilishageuzwa kazi zamani. Wakati huo televisheni Tanzania Bara hatukuwa nayo, tumekuja kuipata mwaka 1994. Usambazaji wa filamu ulikuwa mikononi mwa TFC, kampuni ya filamu ya Tanzania, mikanda inasafiri kutoka Dar es Salaam kwenye masanduku ya bati, na picha kubwa ikifika mji wote unajua kabla hatujabandika tangazo. Watu walikuwa wanashuka kutoka Uyole, wengine Mbalizi, na makoti yao, maana maonesho ya usiku mwezi wa saba Mbeya si mchezo.

Nikueleze kazi ilivyokuwa, maana vijana mnabonyeza tu. Picha kama Sholay inakuja katika mikanda mingi. Tuna mashine mbili. Moja inaonesha, ya pili unaipakia mkanda unaofuata. Mkanda ukikaribia kwisha, kona ya juu kulia ya pazia kinatokea kidoa cheupe, kufumba na kufumbua kimepita. Hapo nawasha mota ya mashine ya pili. Kidoa cha pili, nabadilisha. Ukichelewa pazia linabaki jeupe na watu wanakupigia miluzi. Kwa hiyo Sholay nimeiangalia kwa kuvizia kona, mwili mzima uko kwenye kona ile. Na taa yetu ilikuwa fimbo mbili za kaboni zinazoungua, inabidi uzisogeze kila zinapoliwa. Jasho huku nje barafu.

Kifo cha Jai ndicho kilichowaua watu. Kwenye sinema tulikuwa na imani moja: stelingi hafi. Atapigwa, atatumbukia mtoni, atarudi. Jai anabaki peke yake kwenye lile daraja baada ya kurusha sarafu ya kuamua nani abaki. Siku zote alikuwa anashinda yeye kwa kichwa. Akishakufa, Veeru anaiokota ile sarafu anaigeuza: kichwa, anaigeuza tena: kichwa. Ukumbi ulinyamaza nikasikia mashine yangu mwenyewe inavyozunguka. Halafu kuna mtu aligonga mlango wa chumba changu akaniuliza kama kuna mkanda mwingine nimeuficha ambao Jai anaamka. Hakuwa anatania. Mtu mzima, mfanyakazi wa reli.

Polisi walipotokea mwishoni, watu wa viti vya mbele, vya bei rahisi, walikuwa wanapiga kelele "Muue! Muue!" Wa viti vya nyuma walitulia. Hapo nampinga kijana wa Mafinga. Mimi mwisho wa polisi naukubali, na haikuwa kwa woga wa serikali. Thakur alipomkamata Gabbar mara ya kwanza, enzi ana mikono, alimkaba shingo akamwambia hii mikono ni kitanzi. Gabbar akatoroka, akamwulia watoto wake na mjukuu, kisha akamkata mikono hiyohiyo. Mtu huyo akizuiliwa dakika ya mwisho na koti la polisi alilokuwa analivaa yeye mwenyewe, anaumia mara ya pili mbele yetu. Sanjeev Kumar, aliyeigiza Thakur, alilicheza hilo kwa uso tu, mikono imefungiwa ndani ya nguo. Mwangalie macho pale anaposikia maneno ya yule ofisa. Huo mwisho umetengenezwa kwa kulazimishwa, sawa, lakini mwigizaji aliufanya wake.

Mwanjelwa_Original

Shikamoo mzee wa Isanga, heshima sana. Ile ya vidoa sikuwahi kuijua.

Dada, swali lako la Radha nina jibu, angalau kwa rika langu. Sisi Sholay tumeiona kwenye mabanda ya video Mwanjelwa, enzi za kina Lufufu, picha inazungumzwa Kiswahili juu kwa juu na mtafsiri. Mwenye banda alikuwa anauza maonesho. Picha ya saa tatu inamla, ataingiza watu mara chache kwa siku. Kwa hiyo anakaa na rimoti. Bunduki anaacha, Basanti akicheza juu ya vioo anaacha, Veeru kwenye tanki anaacha kwa sababu watu wanacheka. Ikifika jioni, taa, kinanda cha mdomo, hakuna anayesema kitu, anabonyeza inakimbia. Na mtafsiri naye pale hana la kutafsiri. Nimemaliza shule, nimeoa, nikidhani yule mwanamke wa nguo nyeupe ni dada yao Thakur tu anayepita nyuma.

Nimeitafuta mwaka juzi nikaiona nzima. Nilikasirika kwa kweli. Walituuzia nusu ya picha.

BintiKihesa (Iringa)

Shikamoo mzee wa Isanga. Na wote mliojibu asanteni. Mama nimemsomea kwa sauti, nilipofika kwa mfanyakazi wa reli akacheka mpaka akashika ubavu, halafu akasema na yeye siku ile walikaa nje ya ukumbi na mama mdogo wakikataa kwenda nyumbani.

Mwanjelwa, jibu lako limeniingia, ila mama hakuona kwenye banda, aliona nzima. Nikamwuliza mbona Radha hakunisimulia. Akaniambia alikuwa msichana, alikuwa anamtazama Basanti, nguo zake na mdomo wake usiotulia, kila msichana pale alitaka kuwa Basanti. "Huyu nilimwona, sikumtazama." Baba alifariki mimi nikiwa sekondari. Mara hii zile taa zilipoanza kuzimwa mama alimwambia mpwa wangu anyamaze. Na pale Thakur anapokwenda kwa baba yake Radha kumwomba akubali mtoto aolewe tena, mama alikuwa anatikisa kichwa kukubali, kama naye ameombwa ushauri. Baba mtu anakubali. Halafu Jai anakufa, na Radha anafunga dirisha. Mimi sijui kwa nini mwandishi alimtendea hivyo. Bado nina hasira naye.

Jambo jingine dogo. Mama, sisi tukiwa watoto, alishikilia kwamba zile milima za Gabbar ni Gangilonga, kwamba Wahindi walikuja kupiga picha Iringa. Nimeangalia na kweli mawe yale ya mviringo, makubwa, yamepangana kama yaliyowekwa na mtu, ni ya kwetu kabisa. Kuna mtu anajua ni wapi?

Mkwawa_wa_Mafinga

Ni Ramanagara, karibu na Bangalore, kusini mwa India. Miamba ya granaiti, sawasawa na yetu Iringa, ndiyo maana mama aliona nyumbani. Kijiji cha Ramgarh walikijenga pale kwa ajili ya picha.

Mzee wa Isanga, la macho ya Sanjeev Kumar umenishika. Nitaangalia tena. Lakini la Gabbar kurudishwa gerezani bado halijaniingia.

Mwalimu_Njombe

Nichangie kwenye zile taa, maana nimefurahi kuona kuna mtu mwingine anayezipenda. Mpiga picha alikuwa Dwarka Divecha. Sippy alitaka mwanga wa kati ya jua kuzama na giza kuingia, ule ambao taa inaonekana imewaka na anga bado lina rangi. Mwanga huo unakaa dakika chache tu kwa siku. Wanajiandaa kutwa, wanapiga kipande kimoja, giza, mpaka kesho. Vipande vile vifupi vilikula siku zipatazo 20. Mtu wa nyanda za juu anaujua mwanga huo: Njombe mwezi wa sita, ukichelewa kutoa nguo kwenye kamba umeshakwisha.

Na Dada Kihesa, kama itakupoza: Jai na Radha walikuwa mume na mke nje ya picha. Amitabh Bachchan na Jaya Bhaduri walioana Juni 1973, miezi michache kabla upigaji haujaanza, na Jaya alikuwa na mimba wakati wanapiga. Veeru na Basanti nao, Dharmendra na Hema Malini, wakaja kuoana mwaka 1980. Ukirudia kuangalia Jai anavyomtazama Radha kutoka ng'ambo ya ua utaona hakuwa anaigiza sana.

Ninyi wawili mnaobishana kuhusu mwisho, mimi nimesimama na wa Sippy, lakini kwa sababu nyingine. Baada ya kuua, Thakur analia na Veeru anamfunika shali. Hakushinda kitu. Kwenye ule wa polisi hatuoni kwamba kisasi hakikumpa chochote, tunaachiwa tudhani angemuua angepona.

BintiKihesa (Iringa)

Mwalimu, hilo la kulia ndilo lililonifanya niamini kwamba niliyoiona haikuwa ya kuchakachuliwa. Mtu wa mtaani angeongeza risasi, asingeongeza machozi.

Basi uamuzi wa Jumamosi: mama na mjomba wapewe ile waliyoiona ujanani, ya polisi. Mpwa wangu ameshaipata. Wakishamaliza, anayetaka nawawekea dakika za mwisho za Sippy peke yake, tubishane kwa amani tukila ugali na mlenda. Mzee wa Isanga, wewe uliyeionesha, una neno?

Mzee_wa_Isanga (Mbeya)

Ninalo. Msiangalie mfululizo, wazee wataumia migongo na watoto watalala. Kata mapumziko pale upepo unapopeperusha shali ya Thakur na kuonekana hana mikono. Kama kuna mtu hajawahi kuiona, asiambiwe kabla. Tangu mwanzo picha imemficha chini ya shali na mtu hashtuki, hata pale Gabbar anapowavamia na bunduki iko miguuni pa Thakur na yeye haiokoti. Wote tulimlaani. Wakishapumua na chai, endeleeni.

Sauti fungua ya kutosha. Gari moshi la mwanzoni ukilisikia kwa sauti ya simu hujalisikia. Na rimoti ashike mama.